Mgongo wa Bakuli la Ermellina

Mama yangu, Ermellina, alikuwa mpishi wa Opizo, mwenye meli tatu na mdomo unaozitosha zote. Siku ya harusi ya bintiye Opizo vyombo vilipungua, mama akamwazima bakuli lake la kijani la Tunisi, alilopewa alipoolewa. Halikurudi. Opizo alisema limevunjika. Mama alipoomba hata vipande, akatangaza mtaa mzima kwamba mpishi wake ameliuza mwenyewe na sasa anadai la pili.

Tangu hapo hakuna jiko lililomtaka. Akawa anafua nguo za mabaharia mtoni Arno, mikono ikachubuka, nami nikakua nikiitwa mwana wa mwizi. Nilicheka pamoja na walionicheka, maana mimi kucheka sihitaji kubembelezwa. Kusahau ndiko sikufundishwa.

Nikaingia kazini kwa Fundi Bonfante, aliyekuwa akijenga kanisa la mtaa wetu. Juu ya mlango tulipanga safu ya matao madogo, yale tunayoyaita vipofu kwa kuwa yana umbo la dirisha na nyuma yake ni ukuta mtupu. Hayabebi kitu. Yapo kupendeza tu, kama baadhi ya mashemeji. Ndani ya kila tao huzamishwa bakuli la rangi kutoka ng'ambo, mgongo kwenye chokaa, uso kwa watu, na kila tajiri wa Pisa hutaka lake liwe la katikati.

Opizo akaleta la kwake limeviringishwa kwa hariri. Nikalifungua jukwaani. Kijani, na meli nyeusi ndani. Humo nilikula dengu nikiwa na meno mawili. Lakini uso hauthibitishi kitu, mabakuli ya Tunisi yanafanana kama mayai. Nikaligeuza.

Chanuo la meno matatu, limechorwa kwa lami, pana kama kiganja.

Kwetu chombo kinachoazimwa kwenda karamuni hutiwa alama ya nyumba mgongoni, kijue njia ya kurudi, na hakuna mwanamke mtaani asiyezijua alama za wenzake. Opizo hajawahi kuosha chombo. Hakujua kama kina mgongo.

"We mwana wa mwizi," akaita kutoka chini, "mikono isikutetemeke. Hilo ni la katikati."

"Usihofu, bwana. Nitaliweka hata wewe mwenyewe ushindwe kulitoa."

"Na lionekane vizuri."

"Litaonekana kuliko meli zako."

Fundi Bonfante alipopanda, alilikuta limefudikizwa, kitako nje. Akajikuna ndevu.

"Tedicio, bakuli gani hukaa hivi?"

"Bakuli la mama."

Akalitazama lile chanuo kwa muda. "Ongeza chokaa pembeni," akasema. "Hapa patapitisha maji."

Tukafunika kwa mikeka, na mikeka ikabaki hadi chokaa ikawa jiwe.

Siku ya kubariki kanisa, Opizo alifika na wageni wake akiwaambia wote, hata wasiouliza, kwamba la katikati ni lake. Tukaivuta mikeka. Mabakuli yakang'aa kwa safu, kijani, manjano, buluu, na pale katikati kikatokeza kitako kikavu chenye chanuo jeusi.

Gemma muuza samaki wa mkunga ndiye aliyeanza. "Ermellina, mwenzangu, si chanuo lako lile?"

"Mabakuli yapo mengi," Opizo akasema.

"Mengi, ndiyo. Lakini la katikati ni lako, umetuimbia tangu asubuhi."

Watu wakacheka, kisha wakakumbuka ni nani aliyeitwa mwizi, na hapo pakawa pabaya zaidi. Opizo akaagiza ling'olewe. Fundi Bonfante akamwambia kwa upole kwamba likitoka, tao zima linatoka nalo, na padri ameshalinyunyizia maji ya baraka.

Nikamfuata mama. "Nikushushie? Nitavunja tao, nitajenga jingine."

Akafuta mikono yake kwenye aproni, ingawa ilikuwa mikavu. "Liache, mwanangu. Likishuka litanipakulia dengu. Likikaa pale, linampakulia yeye."

Jioni hiyo nyumba mbili zilikuja kumwomba akawapikie. Alizikalisha kwanza, zingoje.

Siku hizi Opizo huingia misa kwa mlango wa ubavuni, kichwa chini. Fundi Bonfante ameshaniuliza kama na upande ule tuupangie matao.