Koti Kwenye Uzio

Mzee hakuwa na mke, maana alikuwa amemzika miaka sita iliyopita. Hakuwa na meno mawili ya mbele, wala goti la kulia la kutegemewa, wala jirani wa kucheza naye bao. Na hakuwa, kama alivyokuwa akimweleza fundi bunduki, na darubini nzuri ya kufunga juu ya bunduki yake.

"Niliyo nayo imechoka," alisema. "Jua likizama tu, msituni inaniletea giza. Nguruwe wanamaliza mahindi ya watu, na mimi ndiye wanayemtegemea."

Fundi alikuwa mama mnene aliyerithi duka kwa marehemu mumewe, pamoja na miwani yake iliyofungwa kwa uzi. Mzee alinyoosha kidole kwenye kabati, kwenye darubini ndefu kuliko zote.

"Hiyo hapo. Inayovuta sana."

"Hii? Baba, unawinda nguruwe au unawinda mwezi?"

Mzee hakucheka.

"Huko msituni kwenu, mnyama unamwona akiwa umbali gani?"

"Hatua thelathini. Arobaini, majani yakipungua."

"Basi njoo huku nyuma. Mimi darubini siuzi saa sita mchana. Mchana kila kioo ni kizuri."

Uani kulikuwa na uzio wa vichaka vilivyoachwa vikue vitakavyo. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya paa. Mama alizungusha pete ya kukuzia picha ya ile darubini mpaka mwisho, akampa.

"Kuna kitu kwenye uzio. Niambie ni nini."

Mzee aliegemeza kiwiko juu ya pipa, akafumba jicho la kushoto. Ndani ya kioo kulikuwa na ukungu wa kijivu. Alitafuta, akapotea kwenye majani, akarudi. Kisha akauona: mgongo wa rangi ya udongo, ukitikisika kidogo.

"Nguruwe," alisema, na kidole chake kikajikunja chenyewe.

"Ni koti la marehemu." Mama alinyoosha mkono akairudisha ile pete. "Tazama tena."

Picha ilifunguka kama dirisha. Vifungo vinne, kimoja kimelegea. Mfuko uliochanika. Hata kiraka cha kiwiko kilionekana, na mshono wake.

"Watu mnapenda kuvuta," mama alisema. "Ukivuta sana jioni, mwanga unabaki nje, wewe unabaki na kipande cha rangi. Msituni weka tatu. Kioo cha mbele kiwe kipana, alama ya katikati iwe nene, basi. Yako inakuza mara ngapi?"

"Tatu mpaka tisa."

"Na huwa unaiweka ngapi?"

Mzee alitazama viatu vyake. Tisa ile ilikuwa fahari yake. Wawindaji wenzake aliwahi kuwapangia foleni waichungulie.

"Tisa."

"Basi usinunue kitu, baba. Darubini yako nzima. Kosa ni mkono wako tu. Shukuru hujaua mtu."

Kweli, hakuua mtu. Aliua mbwa wa seremala.

Ilikuwa miezi miwili nyuma, jioni kama hii. Aliona kiraka cha kahawia nyuma ya majani, akapiga, akaenda kukuta mbwa ambaye kila asubuhi alimlamba vidole. Shingoni alikuwa na mkanda mwekundu, mpana, ulioshonwa na seremala mwenyewe. Mzee aliondoka kwa kunyata kama mwizi. Kesho yake, seremala alipokuja analia, mzee alimwambia amesikia mlio wa bunduki upande wa kinamasi. Upande wa kinamasi aliwinda mtu mmoja tu, yule waliyemwita Kimya. Seremala hakujua kuandika vizuri. Basi mzee, aliyejifunza kusoma na kuandika ukubwani, madarasa ya jioni, ndiye aliyemwandikia malalamiko, kwa ule mwandiko wake uliosifiwa na kila mtu. Kimya alinyang'anywa bunduki na kibali.

Siku zote hizo mzee alijiambia: ni kioo. Kioo kibovu. Njiani kurudi alijaribu kujiambia tena, lakini maneno hayakukaa. Kwenye tatu angeuona ule mkanda.

Kimya alikuwa amekaa kizingitini pa nyumba ya mzee, kofia magotini. Alisimama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Samahani kukusumbua. Ile barua yangu ya rufaa, uliyosema utaniandikia. Wanasema mwisho Ijumaa, na leo Jumatano. Nisiporudishiwa kibali, sijui nitafanya kazi gani. Kuni nazo nimepasua mpaka mgongo umekataa."

"Najua."

"Mke wangu anasema nitafute mwingine wa kuniandikia. Nikamwambia, mzee yule ndiye mwenye mkono. Akiandika yeye, wataamini."

Mzee alishika nguzo ya mlango. Alitaka kusema palepale.

"Nenda nyumbani," alisema hatimaye. "Kesho asubuhi itakuwa posta."

"Mungu akubariki, mzee wangu."

"Usiseme hivyo."

"Nisemeje sasa?"

"Nenda tu."

Aliandika karatasi tatu akazichana. Ya kwanza ilieleza mno habari za mwanga. Ya pili ilisema "kwa bahati mbaya" mara mbili. Ya nne ilikuwa fupi: mimi ndiye niliyempiga yule mbwa, darubini yangu nilikuwa nimeivuta mpaka tisa, na mlio wa kinamasini niliuzua. Kimya hana kosa. Kibali changu nimekiambatanisha. Chini aliweka sahihi yake, kubwa, inayosomeka.

Asubuhi alifika posta wakati mlango unafunguliwa. Alilamba gundi ya bahasha, akaibana kwa kidole gumba kutoka pembe hadi pembe. Ng'ambo ya barabara randa ya seremala ilikuwa inakwaruza ubao. Ikanyamaza.

"Mzee!" seremala aliita. "Leo umewahi! Unamwandikia nani tena?"

"Nakuja kukwambia," alisema mzee. "Nisubiri hapohapo."

Aliitumbukiza bahasha. Ilianguka bila kishindo. Vidole vyake vilibaki ndani ya tundu la sanduku, kwenye ubaridi wa chuma, na ng'ambo seremala alikuwa akipangusa benchi kwa kiganja ili mgeni apate pa kukaa.