Swali la Pili Mlangoni mwa Hekalu

Mkojo wa Bunlert ulianza kugawanyika njia mbili wiki ileile mama yake alipomaliza kugawa kadi za kualika kijiji kizima. Siku ya tatu yakafuata matone ya damu. Bunlert alisimama chooni akiyatazama.

Zilibaki siku ishirini aingie utawa wa Kibuddha. Si utawa wa maisha, ni wa wiki mbili tu, kama kila kijana wa kwao kabla ya kuoa, ili mama apate thawabu ya kushika pindo la vazi la njano na kuvutwa nalo hadi peponi. Na mama yake, Mama Suthin, alikuwa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, figo zimekwisha. Mwaka mwingine asingeufikia.

Kila jioni alimfanyisha mwanawe mazoezi ya maswali ya mlangoni, yale anayoulizwa kila anayetaka utawa, maana mgonjwa hapokelewi.

"Una ukoma?"

"Sina, mtukufu."

"Una majipu?"

Bunlert akaanza kukuna kisigino.

"Umesahau tena? Kichwa boga wewe!" Mama akacheka.

"Sina, mtukufu."

Alijua kuna kitu kimeota huko ndani; jipu au si jipu, ni ugonjwa, na anauficha kwa uongo. Utawa wa uongo ni kitambaa tu. Mama yake angekufa ameshika kitambaa. Hata wali wa kunata akawa anauacha sahanini.

Akaaga kwamba anafuata vitu vya sherehe, akapanda pikipiki hadi hospitali ya mjini, asikojulikana. Daktari, Orawan, alikuwa mwanamke wa rika la shangazi yake. Bunlert nusura atoke mbio.

"Rudi ukae, kijana. Una nini cha ajabu wewe ambacho sijakiona?"

Akavaa glavu, akapanua tundu la mkojo taratibu. Kinyama chekundu kilichungulia pale mdomoni.

"Nitakufa, daktari?"

"Kwa chunjua? Ni virusi vya kitandani hivi. Tuangalie kama na ndani zimo."

Ganzi kwanza, kisha mrija mwembamba wenye taa. Bunlert aliukamata ukingo wa kitanda akamwita mama yake kimoyomoyo. Ya pili ilikuwemo, si mbali. Daktari akazichoma zote mbili kwa umeme, harufu ya nyama ikapanda chumbani.

"Zimekwisha?"

"Nilizoziona zimekwisha. Zinaweza kurudi. Mkojo ukigawanyika tena, njoo. Na uliyelala naye mwambie akapimwe, usijifanye bubu."

Alimpigia simu msichana aliyelala naye, akatukanwa hadi simu ikapata moto. Alistahili.

Siku za mwanzo mkojo uliwasha kama pilipili, akawa anakojoa kafumba macho. Maumivu yakaisha, lakini macho hakuyafumbua. Aliogopa kuona njia mbili.

Siku ikafika. Wakamnyoa, wakambeba mabegani kulizunguka hekalu mara tatu, ngoma zikilia. Kisha akasimamishwa mlangoni peke yake, mbali na wengine, mbele ya mtawa Sombat, mtu mkali aliyeamka na mafua.

"Una ukoma?"

"Sina, mtukufu."

"Una majipu?"

Bunlert akainama. Ndani watu wakaanza kugeuza shingo.

"Nilikuwa na chunjua, mtukufu," akanong'ona. "Njia ya mkojo. Zimechomwa, ila daktari kasema zinaweza kurudi."

"Sikuulizi zitakazorudi. Leo zipo?"

"Sijui. Naogopa kuangalia."

Sombat akapenga kamasi. "Choo kiko nyuma. Nenda ukaangalie, tunakusubiri."

Akaenda, kaishika juu kanzu nyeupe ya kusubiria vazi la njano, kijiji kizima kikimsindikiza kwa macho. Mlango wa choo akaufunga kwa komeo. Alisali. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu achomwe, akafumbua macho.

Mkojo ulitoka mmoja, mnyoofu, hauna tone la damu. Aliutazama hadi ukaisha, akalia, akanawa uso.

"Una majipu?" Sombat akaanza upya.

"Sina, mtukufu!" Sauti ilifika hadi ukutani.

Mama Suthin akamwinamia jirani yake. "Unaona? Kasahau hata leo. Kichwa boga," akasema, akaanza kunyoosha vidole vyake vilivyovimba, tayari kushika pindo.