Bamba la Milimita Ishirini na Mbili

Gélase alirudi Bujumbura mwezi wa tatu mwaka 1997, juu ya lori lililobeba watu waliokuwa wamekimbilia Uvira, upande wa Zaire, na ambao sasa vita ya huko nayo ilikuwa imewafukuza. Alishushwa karibu na soko la Bwiza. Mwanamke muuza ndizi akamshika mkono, akamvusha barabara moja baada ya nyingine mpaka Buyenzi, mbele ya garaji ya Tajudini.

Tajudini alikuwa chini ya gari. Aliona kwanza miguu miwili yenye vumbi na kandambili zisizolingana, kisha akasikia sauti.

"Taju? We uko hapa?"

Alitoka chini haraka hata akajigonga kichwa. Kwa miaka kumi na minane walikuwa wamefanya kazi pamoja kwenye kiwanja kile: yeye mtu wa injini, Gélase mtu wa bwate, yaani sanduku la gia na vyote vilivyomo. Tangu siku ya mwaka 1995 milio ya risasi ilipouhamisha mtaa mzima wa Kinama, alikokaa Gélase, Tajudini hakuwa amemwona tena. Alimkumbatia. Mwili ulikuwa umebaki mifupa. Alipomwachia ndipo alipotazama macho yake, akaona yamefunikwa na utando mweupe.

"Yaliuma huko kambini," Gélase alisema. "Dawa apana. Sasa naona mwanga na kivuli, basi. Wewe ni kivuli kinene."

Tajudini alicheka, kisha akashindwa kuendelea kucheka.

Fatouma, mkewe, alileta maji na chai. Gélase alikunywa polepole, akiwa ameishika bilauri kwa mikono miwili, halafu akauliza swali ambalo Tajudini alikuwa akiliogopa tangu aliposikia ile sauti.

"Huko Uvira mutu mmoja aliniambia Epiphanie alifika kwako. Ni kweli?"

"Alifika," Tajudini alisema.

"Halafu?"

Fatouma alimtazama mumewe. Tajudini akatazama chini.

"Akaenda Ngozi. Kwa dada yake."

Gélase alishusha pumzi ndefu, akajipangusa uso kwa kiganja. "Asante Mungu," alisema. "Asante, ndugu yangu."

Fatouma aliinuka na kuingia ndani na sinia, ingawa chai ilikuwa haijaisha.

Ukweli ni kwamba Epiphanie hakuwa Ngozi. Alikuja kweli, mwaka ule wa 1995, akitoka milimani na kitambaa kimoja kiunoni, akimtafuta mumewe. Alikaa kwao siku nne. Siku hizo vijana wenye mapanga walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba upande wa Bwiza wakiuliza nani anaishi na nani, na ni wa kabila gani, na jirani mmoja alimwuliza Tajudini mgeni wake ni nani. Siku ya tano Tajudini alimwambia Epiphanie kwamba ingekuwa vizuri aende kwenye kambi ya waliohama makwao, kule Buterere, kwa sababu huko angekuwa na watu wake. Fatouma alikataa, akalia. Epiphanie mwenyewe hakubishana. Alikunja kitenge alichopewa, akashukuru, akaenda. Baada ya miezi mitatu homa ya chawa iliingia kambini ikamchukua. Tajudini ndiye aliyetafuta mbao za jeneza.

Maneno hayo yote alikuwa nayo mdomoni siku ile ya kwanza, na hayakutoka.

Kwenye kona ya kiwanja, chini ya turubai, ilikuwepo Peugeot 404 ya Gélase. Aliinunua kwa Mgiriki aliyekuwa anafunga duka, na kwenye kiti chake cha mbele ndipo Epiphanie alipokaa siku ya harusi. Injini yake ilikufa mwaka 1993, kichwa kikapasuka, na kipuri hakikupatikana. Walitia injini ya Toyota. Iliingia vizuri, lakini haikupatana na sanduku la gia la Peugeot, na Kinama ikaungua kabla hawajamaliza.

Gélase aliomba apelekwe kwenye gari. Alipapasa boneti, taa, mlango, akasimama hapo muda mrefu.

"Tuimalize," alisema. "Mi siwezi kufika kwa mke wangu nikiongozwa na fimbo kama ombaomba. We utaendesha, mi nitakaa pembeni. Nikishuka Ngozi, nishuke kwenye gari yangu."

"Barabara ni mbaya, Gélase. Watu wanakwenda kwa msafara wa askari."

"Tutaingia kwenye msafara."

"Na vipuri? Na vikwazo hivi vya nchi jirani, hata msumari hautoki Dar es Salaam."

"Hatutaki kipuri. Tunataka akili."

Basi wakaanza. Na kwa siku chache Tajudini alisahau, au karibu asahau, kwa sababu kazi ilikuwa tamu kama zamani. Alipendekeza wachukue sanduku la gia la Toyota, liendane na injini yake. Gélase alikataa. Kwenye 404, alieleza, mhimili unaozungusha magurudumu ya nyuma umefichwa ndani ya bomba la chuma, na bomba hilo limefungwa kwenye mgongo wa sanduku la gia. Ukitoa sanduku la Peugeot, umetoa nusu ya gari. Kwa hiyo ilibidi kuiozesha injini ya kigeni kwa sanduku la nyumbani.

Alikaa juu ya gurudumu kuukuu, akaweka diski mbili za klachi mapajani, akaingiza kidole katikati ya kila moja akihesabu meno.

"Hii ya Toyota ishirini na moja. Hii yetu kumi." Akatabasamu. "Kata kitovu cha yetu, ukipige ribiti kwenye uso wa ile ya Toyota. Klachi itashika kama Toyota na kuzunguka kama Peugeot."

Tajudini alifanya hivyo. Mawazo, mkereza vyuma wa Bwiza, aliwachongea kibushi, kijibomba cha shaba nyeusi cha kuipokea ncha ya mhimili wa sanduku ndani ya injini. Ikabaki kazi moja, ile kubwa: bamba la chuma la kukaa kati ya injini na sanduku, lenye matundu ya boliti za pande zote mbili. Lilipaswa kuwa na unene kamili. Likizidi, mhimili haufiki kwenye kibushi. Likipungua, unasukuma injini mpaka inaua beringi zake. Gélase alipima kwa vijiti na vidole siku mbili nzima. Milimita ishirini na mbili. Akamwambia Tajudini akate vipande viwili vya msumari mnene, urefu wa kila kimoja ulingane kabisa na kipimo hicho. Kimoja kilipelekwa kwa Mawazo. Kingine Gélase alikitia mfukoni.

Umeme wa Bwiza ulikuwa unakuja na kuondoka, na mashine ya Mawazo ikasimama nao. Wiki ikapita. Jioni, kabla ya saa za kuzuiwa kutembea, Gélase alikaa uani na Fatouma, akimsaidia kuchambua maharage kwa vidole na kumwuliza mambo ya Epiphanie. Je, alikuwa amekonda? Alisema nini? Alikuwa bado anaimba akifagia?

"Aliimba, shemeji," Fatouma alisema. Kisha akaingia jikoni, akamwambia mumewe kwa sauti ya chini, "Mwambie. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi. Nashindwa kupika nikimsikia."

"Nipe siku mbili."

"Ulisema hivyo Ijumaa."

Kulikuwa na jambo baya zaidi ambalo hata Fatouma hakulijua. Gélase alikuwa amemwomba Tajudini atume salamu Ngozi kwa watu wa basi, mkewe ajue kwamba yuko hai. Tajudini alisema ametuma. Kila siku mbili Gélase aliuliza kama jibu limekuja, na kila mara Tajudini alisema mabasi yamekwama.

Jumatano bamba lilifika, limefungwa kwa gunia. Mawazo alikuwa amefanya kazi safi, matundu yote kumi na mawili yakiwa mahali pake. Tajudini alilibandika kwenye injini, likakaa. Alielewa kwamba kabla ya Ijumaa gari lingetembea, na likitembea lingepaswa kwenda Ngozi.

"Vipi?" Gélase aliuliza kutoka kwenye gurudumu lake.

"Mawazo amekosea," Tajudini alisema. "Ni jembamba. Lazima arudie, tena atafute chuma kingine."

"Jembamba kiasi gani?"

"Milimita mbili. Labda tatu."

Gélase alinyoosha mikono. "Nipe."

"Ni zito, litakuumiza."

"Nipe, Taju."

Alilipokea, akalilaza juu ya benchi. Akatoa mfukoni kile kipande cha msumari, akakisimamisha ubavuni mwa bamba, akapitisha kidole cha shahada juu ya vyote viwili. Akapitisha tena. Kidole hakikukwama popote, kilikwenda sawa kutoka chuma hadi chuma. Akazunguka pembe zote nne namna hiyo, bila haraka.

"Bamba ni zuri," alisema hatimaye.

Tajudini aliokota gunia, akaanza kulikunja.

"Miaka kumi na minane hujawahi kunidanganya juu ya kipimo. Kwa nini hutaki gari hili liende?" Alingoja. Sauti ikashuka. "Epiphanie hayuko Ngozi."

"Hayuko."

"Yuko wapi?"

"Buterere. Kwenye makaburi." Tajudini alikuwa analia. "Homa ilimchukua kambini, mwishoni mwa mwaka juzi. Nilimzika mimi, na padri alikuwepo."

"Kambini? Alifikaje kambini, na alikuwa kwako?"

Hapo Tajudini angeweza kudanganya tena. Alisema yote: jirani, vijana, siku ya tano, kitenge. Alisema hata jinsi Epiphanie alivyomshukuru. Gélase alisikiliza mikono ikiwa juu ya bamba. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Na salamu ulizotuma?"

"Sikutuma."

"Kila jioni nilikuwa napanga nitakachomwambia," Gélase alisema. "Kila jioni, Taju. Na we ulikuwa umekaa pale, unanitazama."

Alikwenda kukaa ndani ya 404, akafunga mlango. Fatouma alimpelekea chakula, kikarudi kama kilivyokwenda. Alilala humo siku tatu. Siku ya nne alitoka, akasema kwa sauti kavu, "Funga bamba. Twende Buterere."

Walifunga. Kazi ya mwisho waliifanya bila neno lisilo la kazi: kaza, legeza, sukuma kidogo. Gari liliwaka, gia ya kwanza ikaingia bila mlio, na Gélase aliinamisha kichwa akisikiliza sanduku lake mpaka walipofika. Kwenye kaburi alipiga magoti, akapapasa msalaba wa mbao, akafuata herufi za jina moja moja kwa kidole. Tajudini alisimama mbali. Fatouma ndiye aliyepiga magoti pembeni yake, akamsimulia zile siku nne, kila alichokula Epiphanie na kila alichosema, na Gélase akalia kwa sauti kama mtoto.

Hakukaa tena Buyenzi. Alimwachia Mawazo gari amtafutie mnunuzi, akaamua kwenda Ngozi kwa Amélie, binti wa dada ya mkewe. Asubuhi ya safari Tajudini alimpeleka kwenye basi, akambebea mfuko wake mdogo.

"Nisamehe," alisema.

Gélase alikuwa ameshaweka mguu kwenye ngazi. "Ile ya siku ya tano," alisema, "mi ningeielewa. Watu walikuwa wanaogopa. Hata mimi nilikimbia, nikamwacha nyuma. Ungeniambia siku ya kwanza, tungelia pamoja." Akapapasa mlango, akapanda.

Tajudini alituma salamu mara nyingi kwa watu wa mabasi, na safari hii alizituma kweli. Hakuna jibu lililorudi. Mwezi wa Ramadhani ulipoandama, dereva mmoja alisimama mbele ya garaji na kushusha kikapu cha maharage na viazi kutoka Ngozi.

"Ni vya Fatouma," alisema. "Mzee yule asiyeona ndiye aliyevifunga mwenyewe."

"Na mimi? Hakusema kitu kwangu?"

Dereva alifikiri, kwa uaminifu. "Apana, mzee. Alimtaja mama tu."

Fatouma alipika yale maharage kwa futari. Alimpakulia mumewe wa kwanza, akamsogezea sahani, na Tajudini akakaa nayo mbele yake muda mrefu baada ya adhana.