Wakazi Walioridhia

Mwanne ndiye aliyekishika kidole gumba cha Bibi Stara. Alikibonyeza kwenye pedi ya wino, akakiweka kwenye karatasi mbele ya jina alilomwandikia mwenyewe kwa hati yake iliyonyooka, kisha akakifuta kwa pindo la kanga, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto uji mdomoni. Bibi Stara alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Uliombakia ni mwanga wa kutosha kutofautisha mlango na ukuta.

"Nimeweka nini hapo, mwanangu?"

"Umeweka kwamba umekuja, Bibi."

"Haya. Nimekuja kweli."

Ilikuwa Februari, mwaka wa tisini na saba, katika darasa la shule ya msingi lililofagiliwa na kunyunyiziwa maji ili vumbi lilale. Baraza la mji lilikuwa limewaita wakazi wa Kambini kuja kusikia mpango wa kuuboresha mtaa wao. Kambini palikuwa mahali pa zamani. Babu za wengi waliokuja siku ile walifika na misafara, wakatua mizigo, wakachimba kisima, wakaoa, na kambi ikageuka mtaa. Nyumba zilijengwa zikitazamana kwa karibu, kila moja na kibaraza chake, na njia ya katikati ikaachwa ijipitie inavyopenda. Masika njia hiyo ilikuwa mto, kiangazi ilikuwa vumbi tupu. Kwa hiyo watu waliposikia habari za mitaro, taa na maji ya bomba, walitaka kuamini.

Wa kwanza kuamini alikuwa Mwanne. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa karani wa masjala katika ofisi ya serikali, hadi alipopunguzwa kazini pamoja na wenzake wengi, kwa barua ya aya mbili. Tangu hapo alikuwa akikaanga vitumbua asubuhi, na hakuna tena aliyemhitaji kwa kile alichokijua. Kwa hiyo wiki moja kabla ya mkutano, Bwana Ludovick, afisa mipango wa baraza, alipobisha hodi kwake na kusema, "Mama, nimeambiwa mtu anayeelewa mambo ya ofisi hapa mtaani ni wewe," alijikuta akiketi wima kama alivyokuwa akiketi kazini. Kijana alikuwa na adabu, msomi, mkazi wa Area D ambako barabara zimenyooka kama mistari ya daftari. Alikula wali kwake mara mbili. Neno "ushirikishwaji" alilitamka kwa upole, kana kwamba ni jina la mchumba wake. Mwanne akapita nyumba kwa nyumba kwa siku tatu kuwahimiza watu. Bibi Stara alikuwa amekataa mara mbili, kwa hiyo Mwanne alimfuata mwenyewe asubuhi ya mkutano na kumwongoza kwa mkono hadi darasani.

Ukutani palibandikwa ramani ya rangi. Mitaro ilikuwa ya bluu, miti ya kijani, nguzo za taa nukta za njano. Barabara ilikuwa mstari mwembamba wa kijivu ambao hakuna aliyeuulizia chochote. Soda zilipogawiwa, karatasi zikafuata. Mwanne alikuwa ameketishwa meza ya mbele, akaletewa yeye kwanza, na jicho lake la masjala likaona papo hapo: palikuwa na safu ya namba, safu ya jina, safu ya nyumba na safu ya saini, lakini juu ya ukurasa palikuwa patupu.

"Karatasi hizi hazina kichwa, Bwana Ludovick," alimnong'oneza.

"Ni mahudhurio tu, mama. Kichwa tutakipiga chapa ofisini."

Alisaini. Namba moja.

Masika yalipokwisha, walikuja watu wa vipimo. Mwanne alikuwa akiosha kikaango wakati Aiman, fundi cherehani aliyepanga chumba cha mbele cha Bibi Stara, alipokuja mbio na futi ya kitambaa ingali shingoni.

"Dada Mwanne, njoo uone. Wamepigilia kigingi ndani."

"Ndani wapi?"

"Ndani ya chumba. Chini ya meza yangu ya kukatia."

Alidhani fundi anatia chumvi. Alipofika akakuta sakafu ya saruji imetobolewa na nondo fupi iliyopakwa rangi nyekundu imesimama katikati ya vipande vya vitambaa. Nje, kamba ilikuwa imevutwa kutoka kigingi hadi kigingi, ikipita juu ya vibaraza, ikikata vyumba vya mbele vya nyumba kumi na moja upande ule. Kodi ya chumba kile ndiyo iliyokuwa ikimlisha Bibi Stara. Hakuwa na mtoto aliye hai, wala shamba.

Msimamizi wa vipimo hakuwa mtu mbaya. Alimjibu Mwanne huku akikunja futi yake ya chuma, bila hata kuinua sauti.

"Barabara inapanuliwa, mama. Mbona nyinyi wenyewe mliridhia? Tuna saini zenu."

Bibi Stara alikuwa ameketi mlangoni, uso ameuelekeza kwenye sauti. Mwanne alingoja aulizwe, akatamani hata atukanwe. Bibi aliinuka, akapapasa ukuta, akaingia ndani.

Mwanne hakurudi nyumbani kubadili nguo. Alikwenda vile vile, mikono ikinuka mafuta, akalikata soko, akavuka reli, jua la saa sita likimchoma utosini na upepo wa Dodoma ukimrushia mchanga machoni. Njiani alikuwa akijipangia maneno ya heshima, kwa maana alikuwa bado anaamini kwamba kuna kosa limetendeka na kwamba kosa la ofisi hurekebishwa ofisini. Alikuwa amerekebisha mengi ya namna hiyo enzi zake: barua iliyoingia jalada lisilo lake, jina lililoandikwa kinyume.

"Shikamoo, mama," Ludovick alisema akisimama kumpokea.

"Marahaba. Naomba kuona jalada la Kambini."

"Kuna tatizo?"

"Nikiliona nitakwambia."

Akalisukuma mezani. Mwanne alilifungua kama alivyokuwa akifungua majalada maisha yake yote, kwa kidole cha kati, kutoka nyuma kuja mbele. Karatasi zile zilikuwa ukurasa wa thelathini na moja hadi thelathini na nne. Nafasi iliyokuwa tupu juu sasa ilikuwa na maneno, yamepigwa chapa kwa herufi kubwa: ORODHA YA WAKAZI WALIORIDHIA UPANUZI WA BARABARA. Chini yake jina lake. Mistari sita chini, kwa hati yake mwenyewe, Stara binti Swalihu, na kando yake doa jeusi la kidole.

"Uliniambia mahudhurio," alisema.

"Mama, naomba uelewe. Wafadhili hawatoi kitu bila ushahidi kwamba wananchi wameshirikishwa. Mlishirikishwa. Mlikuja, mkaona ramani, hakuna aliyepinga. Mradi ni wenu."

"Ulisema lini kwamba barabara itapita ndani ya nyumba?"

"Ilikuwa kwenye ramani."

"Ule mstari wa kijivu?"

Ludovick alishusha macho, akarekebisha kalamu zilizokuwa zimelala sawasawa. "Vile vyumba vya mbele, kisheria, viko nje ya mipaka ya viwanja. Ndiyo maana havina fidia. Si mimi niliyechora mipaka hiyo, mama. Ilichorwa mwaka wa sitini na nane."

"Chumba hicho alikijenga baba yake Bibi Stara. Mwaka wa sitini na nane alikuwa amekwisha kufa na kuzikwa."

"Naelewa."

Neno hilo ndilo lililoiwasha hasira. Haikuja kwa kishindo. Ilimjia picha baada ya picha. Alimwona kijana huyu akinawa kwenye beseni lake, akimsifia mchuzi. Alimwona amekaa kwenye mkeka wake akiuliza nani anaheshimika mtaani, nani akiitwa wengine watakuja. Na akajiona mwenyewe akimjibu, jina baada ya jina, kwa furaha.

Katika miaka kumi na tisa hakuwahi kupoteza karatasi hata moja. Alikuwa amewakaripia wakubwa zake kwa kunyofoa barua majaladani. Sasa alilegeza kamba ya jalada, akazitoa zile kurasa nne, akazikunja mara mbili na kuzitia ndani ya kanga.

"Mama, hizo ni nyaraka za serikali."

"Hizi ni karatasi za mahudhurio."

Hakuitwa askari. Ludovick alimtazama kwa huruma, na huruma hiyo ilikuwa mbaya kuliko tusi.

"Kuna nakala tatu, mama," alisema taratibu. "Moja ilishakwenda Dar es Salaam mwezi uliopita."

Jioni hiyo Mwanne aliandika barua ya kupinga. Kichwa chake alikiandika kwanza, kwa herufi kubwa, akakipigia mstari. Kesho yake akaanza tena kupita nyumba kwa nyumba, kuanzia kwa Mzee Rehani, muuza mkaa, ambaye nyumba yake nayo ilikuwa imekatwa na kamba. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, akamkaribisha chai, akaisukuma kalamu aliyowekewa ikarudi upande wa Mwanne.

"Kusema nitasema," alisema. "Hata kwa diwani nitakwenda kwa miguu yangu. Lakini kalamu ikitoka mkononi mwako mimi siishiki tena, Mwanne. Usinichukie."

Hakumchukia. Ingekuwa rahisi zaidi kama angeweza. Nyumba ya pili walimwambia baba mwenye nyumba amekwenda Ihumwa, ilhali Mwanne alikuwa akimsikia akikohoa uani. Nyumba ya tatu mwanamke aliyesoma naye madrasa alicheka kidogo, kicheko cha pembeni, akauliza kama safari hii kutakuwa na soda. Mwanne alitoka pale bila kuaga. Alikuwa na hasira na Ludovick, na baraza, na wafadhili asiowajua sura. Lakini iliyomkaba hasa ni ile aliyojibebea mwenyewe. Kwa maana aliiona ile nafasi tupu. Watu wengine wote darasani walikuwa na haki ya kutoiona. Yeye aliiona, akauliza, akajibiwa jibu la kipuuzi, akaliridhia kwa sababu alikuwa ameketishwa meza ya mbele na kuitwa mama anayeelewa mambo ya ofisi.

Mlangoni kwa Bibi Stara hakubisha.

Alipata saini nne, yake na za watu watatu ambao hawakuwepo darasani siku ile. Diwani aliipokea barua kwa mikono miwili, akaisoma yote, kisha akamwonyesha nakala yake ya ile orodha.

"Watu tisini na sita wameridhia," alisema. "Wewe umeniletea wanne. Na mmoja wao yuko kwenye orodha zote mbili."

Wavunjaji walikuja wiki ya mwisho ya Juni, wakati baridi ya asubuhi inakata vidole na mchana jua ni lile lile. Nyumba ya Bibi Stara ilikuwa ya tatu. Aiman alikuwa amehamishia cherehani yake Miyuji kwa shemeji yake. Mwanne alikuja bila kuitwa, akabeba viti, akabeba meza ya kukatia, akabeba sanduku la bati lililokuwa uvunguni, akavipanga chumba cha ndani. Bibi alimwacha afanye. Alijibu salamu yake, basi.

Kibarua aliyepangiwa ukuta ule aliitwa Yotham, mtu mzima kidogo, mwembamba, wa upande wa Kwa Mtoro. Kiswahili chake kilikuwa cha mtu aliyekulia ndani ya lugha nyingine, ile yenye vidoko, milio ya ulimi unaogonga kaakaa, na alikisema kwa uangalifu. Alianza kazi saa mbili. Kufikia saa nne nusu ya ukuta wa mbele ilikuwa imelala barabarani, na kila mpita njia aliweza kuona ndani: rangi ya samawati ya ukuta wa nyuma, na mraba uliopauka mahali palipokuwa na kalenda.

Yotham aliweka nyundo chini, akajipangusa shingo.

"Shikamoo, mama," alimwambia Mwanne. "Naomba maji ya kunywa."

"Marahaba," alisema Mwanne, na hakuondoka aliposimama.

Mtungi ulikuwa nyuma yake, hatua tano. Alijua kwamba huyu hakuandika kichwa chochote. Alijua kwamba pengine hakujua hata kusoma. Lakini hasira yake ilikuwa imetembea miezi miwili bila kupata mtu wa kuitua, na huyu alikuwa amesimama mbele yake na vumbi la ukuta wa Bibi Stara kwenye kope.

"Nenda kawaombe waliokutuma," alisema.

Yotham aliitikia kwa kichwa, kana kwamba amejibiwa jambo la kawaida, akainama kuokota nyundo.

Ndani kukasikika kitanda kikilia. Bibi Stara alitokea, mkono mmoja ukutani. Alikuwa amesikia. Alivuka chumba akigusa kila kitu ambacho Mwanne alikuwa amekihamisha, akijikwaa kwenye kiti ambacho hakikuwa mahali pake, akinyooka, akiendelea. Mwanne akawahi kumshika mkono.

"Niache."

"Bibi, utaanguka. Nikuongoze."

"Ulishaniongoza."

Alisema bila ukali wowote, akautoa mkono wake kwenye mkono wa Mwanne kama mtu anayevua bangili. Akaufikia mtungi, akachota, akageuka kuelekea kwenye mwanga, mahali palipokuwa ukuta na sasa hapakuwa na kitu, akasimama pale maji ya kikombe yakimdondokea miguuni, asijue ardhi inaanzia wapi. Yotham alipanda juu ya kifusi hadi alipokuwa, akakipokea kwa mikono miwili, akanywa chote bila kupumua.

"Ahsante, Bibi."

"Polepole na dirisha," alisema Bibi Stara. "Mbao zake bado nzima."

"Ndiyo, Bibi."

Akaanza na dirisha. Aliling'oa kwa mikono, msumari mmoja mmoja, akaliegemeza pembeni, ndipo akaichukua nyundo. Bibi Stara hakurudi ndani. Mwanne naye alibaki amesimama nyuma yake, karibu kiasi cha kumdaka, mikono ikining'inia, na kila pigo lilipoanguka mabega ya mzee yalishtuka, na yake yakashtuka pamoja nayo.