Simu Inayofika Kiwikoni

Saa nne asubuhi Zuleika aliingia duka la simu pale Ntinda akiwa na shilingi milioni nne na laki tatu kwenye mfuko wa nailoni, mfuko ndani ya mkoba, mkoba kwapani. Pikipiki ya marehemu mumewe ilikuwa imeuzwa jana yake kule Kyebando, na aliyeinunua alikuwa hajajua bado kwamba breki ya nyuma inataka kubembelezwa.

"Karibu, hajati," alisema Okullo, muuzaji.

"Sijahiji bado, mwanangu. Nataka simu ya kupitisha mkono."

Okullo akapanga tatu juu ya kaunta. Ya kwanza milioni mbili na nusu: kamera kali, betri ya siku mbili, mkono unapita mpaka kwenye kifundo. Ya pili milioni nne na laki mbili: kamera hivi hivi tu, betri ya kuchaji kila mara, mkono mpaka kiwikoni. Ya tatu, milioni saba kasoro kidogo, ilifika begani, na tena haiingii maji.

"Na ya kupitisha mtu, kichwa na miguu?"

"Hiyo bado, hajati. Wanasema labda ya mwakani."

Kichwa kilimzunguka Zuleika. Aliuliza kama zile gigabaiti zinaongeza nguvu za mkono. Okullo akasema hapana, hizo ni za kuwekea picha. Sasa mbona ya picha nzuri ndiyo rahisi? Kwa sababu mikono inatoka kiwanda kingine. Zuleika akaitikia "kumbe", lakini hakuelewa hata chembe, na aliona aibu kuuliza tena.

Alichotaka yeye ni kimoja: Husnah, bintiye wa pekee, arudi nyumbani. Mwezi wa kumi na nne huu alikuwa mtumishi wa ndani huko Ghuba. Mama mwenye nyumba alikuwa amemfungia paspoti kabatini, anamlisha mara moja kwa siku, na wiki iliyopita mafuta ya moto yalimmwagikia mgongoni, dawa hakupewa.

"Tujaribu kwanza," alisema Okullo, akapiga.

Kwenye simu ya kwanza Husnah alionekana vizuri mno. Kidonda kilikuwa na kingo za manjano. Zuleika akaingiza mkono, akavishika vidole vya mwanawe, vya baridi, vina sabuni. Lakini mkono unaoishia kwenye kifundo unashika tu, haufanyi kazi. Kwenye ya pili picha ilikuwa ukungu, ila mikono yote miwili ilipita sambamba, na Zuleika akampaka mwanawe dawa aliyokuja nayo mkobani, mgongo mzima, huku wateja wengine wakisubiri foleni.

"Kabati liko wapi, mwanangu? Nisogeze."

"Lina kufuli, Mama."

"Kufuli haifungui hata ile ya begani," alisema Okullo. "Nisikudanganye."

Zuleika akanunua ya kiwikoni.

Siku nane, kila baada ya alasiri, aliketi mkekani, akaiegemeza simu kwenye kawa aliyokuwa akiisuka, akapitisha kisra, ule mkate mwembamba, iliyoviringwa na mchuzi wa bamia. Husnah alikula haraka haraka, kisha akageuka asukwe nywele. Kidonda kikakauka. Jirani yake Zubaida alipopita alimkuta hana mikono kuanzia kiwikoni, akamsabahi, akamtilia chai mdomoni, akaenda zake.

Siku ya tisa, akiwa katikati ya msuko wa tatu, nywele zilimtoka vidoleni. Mkono wenye pete ukamshika, ukamgeuza kiganja, ukakipapasa kama mtu anavyopapasa kitambaa dukani. Kisha akawekewa mikononi sahani chafu yenye maji. Ikafuata ya pili. Sauti ya mwanamke ikasema neno, na Husnah akalitafsiri.

"Anasema una mikono mizuri, Mama. Anauliza kama na asubuhi unapatikana."

Zuleika alifikiria kuichomoa mikono yake, akajiuliza sahani zile zitabaki kwa nani kama si kwa Husnah. Akatafuta sifongo kwa kupapasa.

Aliosha sahani kumi na tisa na vikombe vyake. Alipomaliza, simu ikalia: betri asilimia sita. Akaitoa mikono, ikidondosha povu mkekani, akatazama ule ukungu kwenye kioo ambao ulikuwa mwanawe.

"Mwambie asubiri kidogo," alisema, akitafuta waya. "Nachomeka chaji, halafu anipe masufuria."