Pelenaise na Kile Kipande cha Mbio

Mashindano ya bendi za makanisa ya hapa kwetu Tonga yalipokaribia, mpiga tarumbeta wetu wa kwanza alipata kibali cha kwenda New Zealand kuchuma matofaa, akaondoka. Tukabaki na wimbo ambao katikati yake kuna kipande cha tarumbeta peke yake, sauti zinamiminika mfululizo, huna hata pa kuvutia pumzi.

Mjomba Sateki, kiongozi wa bendi, alimgeukia wifi yangu Pelenaise, mpiga tarumbeta la pili tangu usichana wake.

"Utapiga wewe."

"Mjomba, kile kipande mimi huwa nakisikiliza tu."

"Basi masikio yameshakijua. Vimebaki vidole."

Vidole ndivyo vilivyomtesa. Alijifungia chumbani, akakivamia kwa kasi yake kamili, akifika katikati vidole vinagongana. Anarudi mwanzo, anakwama palepale. Sisi wanawake tulikuwa bandani, kando ya dirisha lake, tukiponda magome ya miti mpaka yawe kitambaa cha nguo ya harusi ya binti yangu. Asubuhi nzima, juu ya mlio wa nyundo zetu za mbao, tulisikia kosa lilelile.

"Wifi," nilimwita, "hicho kipande umekifundisha kukosea. Sasa kinakosea vizuri kabisa."

Wenzangu wakacheka. Nilidhani atanijibu ovyo. Badala yake akatoka na tarumbeta lake, akaketi mkekani katikati yetu.

"Kweli, kila siku nakariri kosa," alisema. "Hebu gongeni polepole. Gongeni kama mnasinzia."

Tukagonga kwa pamoja. Akachukua sauti chache tu, zile za mwisho, akapiga moja kwa kila pigo letu. Zilipotoka safi bila wasiwasi, aliongeza zilizotangulia, akawa anakijenga kipande kutoka mkiani. Kisha akatuashiria kwa kichwa, nasi tukaongeza mwendo kidogo. Akiteleza, anainua mkono, tunapunguza.

"Kwa mwendo huu bibi harusi atavaa majani," alinung'unika Fusi, mponda magome hodari kuliko sote. Lakini hakuacha kugonga.

Siku zikapita hivyo. Midomo ya Pelenaise ilivimba, akala viazi vikuu vilivyopondwa kama mtoto. Tukafika mwendo fulani, akagota. Kila tukiongeza, vidole vinamsaliti. Siku hiyo aliliweka tarumbeta chini, akafuta machozi kwa kiganja.

Fusi akamtazama. "Mbona unaviminya hivyo vitufe kama unaua kunguni? Mimi nikishika nyundo hivyo, mkono utakufa kabla ya chai. Legeza, mama."

Pelenaise akashusha mabega. Akavigusa vitufe kwa wepesi, hata nikadhani havitashuka. Tukagonga. Kipande kikapita. Tukaongeza, kikapita tena. Tukaongeza mpaka sisi ndio tukahema, na Fusi akaangusha nyundo yake akicheka.

Siku ya mashindano, huko mji mkuu, Nuku'alofa, Mjomba Sateki aliingiwa na kiherehere mbele ya umati, akauanzisha wimbo kwa kasi ambayo hatujawahi kuisikia. Niliona wapiga ngoma wakitazamana. Nikamshika Fusi mkono. Pelenaise akasimama, mabega yamelegea, akaingia.

Sauti zilitoka moja moja, kila moja na umbo lake, kwa kasi ile ya kichaa, mpaka ile ya juu kabisa, akaishikilia muda mrefu kuliko ilivyoandikwa, kwa raha yake tu. Fusi alishainuka zamani, anacheza katikati ya safu za viti, na wanawake wa vijiji vingine wakamfuata.

Tulitangazwa wa kwanza. Mjomba alimjia Pelenaise nje, shati limelowa jasho.

"Nilikimbiza sana?"

"Sikuona," alisema Pelenaise. "Nilikuwa nakungojea."

Bendi nzima ikaangua kicheko, naye Mjomba akacheka kuwazidi wote. Watu wakamwomba Pelenaise akirudie kile kipande. Akakirudia palepale barabarani, bila bendi, watoto wakimzunguka, nasi tukimpigia makofi ya mwendo. Safari hii yeye ndiye aliyetuhimiza tuongeze.