Doa Lisilotoka Bila Jua

Siku ya tatu ya mabomu, Mama Kavugho aliinua chupa ya mafuta ya mawese, akaitazama penye mwanga wa dirisha, kisha akamgeukia mke wa mwanawe.

"Ilikuwa nusu. Sasa iko chini kabisa. Nani alikula?"

Élise alisema hajui, na kweli hakujua. Majeshi mawili ya wageni yalikuwa yakigombania Kisangani kana kwamba mji hauna wenyewe, na ndani ya nyumba ile walikuwa watatu tu: Kavugho, Élise, na Claudine wa miaka miwili. Isaïe, mume wa Élise, alikuwa ameshuka mto hadi Basoko kutafuta samaki wa kuuza. Chakula kilichobaki ni unga wa muhogo na chupa ile, na mafuta waliyaweka kwa ajili ya mtoto.

"Mwizi weye! Mabomu ikiisha, unatoka mu nyumba ya mutoto wangu. Claudine anabakia. Isaïe akirudia nitamuelezea yote."

Na Isaïe angeamini. Tangu lini alimbishia mama yake? Élise alimkumbatia binti yake, akaona ananyang'anywa mchana kweupe.

Mwizi, lakini nguo za mama mkwe afue! Siku ya nne Élise aliinamia beseni ukumbini, na katika rundo akakuta libaya nyeupe ya Kavugho, blauzi yake ya misa. Kwenye mkono wa blauzi lilikuwepo doa la rangi ya machungwa, pana kama kiganja. Kavugho alikuwa amelisugua kwa maji matupu, akadhani limetoka. Doa la mafuta hujificha nguo ikiwa mbichi. Nguo ikikauka, lipo palepale.

Damu ilimchemka Élise. Akaenda kumtandazia libaya ile mbele ya uso.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni weye uliipakaza!"

"Bon, tumungojee Isaïe, ataona mwenyewe. Mutie unga, mutie sabuni, mafuta itatoka. Lakini ile rangi haitokake bila jua, Mama. Na jua iko inje."

Akacheka. Ndiyo, alicheka, na ilikuwa chuki tupu.

Kavugho alimpokonya libaya. Mchana kutwa alinyunyiza unga, ule unga wao wa mwisho, akakung'uta, akasugua kwa sabuni mpaka vidole vikachubuka. Mafuta yalitoka. Rangi ilibaki imeng'ang'ania.

Kesho yake saa sita mabomu yalipumzika kidogo. Élise alisikia komeo la mlango wa nyuma. Alipofika mlangoni, Kavugho alikuwa ameshafika uani, anaibana libaya kwenye waya, mkono wenye doa umeelekea juu. Élise alifungua kinywa amwite arudi. Akakifunga. Acha ahangaike na aibu yake, alijiambia, na hilo ndilo wazo lake la mwisho kabla bomu halijaanguka nyuma ya uzio. Kipande cha chuma kilimpata Kavugho shingoni.

Bunduki ziliponyamaza, jirani yao Alfani alisaidia kuzika. Libaya hakuna aliyeigusa. Ilikaa kwenye waya, inapigwa na jua siku baada ya siku, mpaka Isaïe akarudi kutoka Basoko.

"Mama alikufia inje?" aliuliza, macho yamemwiva. "Alikuwa anafanya nini inje?"

"Alikuwa anaanika libaya."

"Na weye, muke ya mu nyumba, ulikuwa wapi? Ulimuacha Mama yangu aanike nguo mu mabomu?"

"Alikula mawese ya mutoto, Isaïe! Akasema ni mie. Alitaka kuficha tache, ile doa ya mawese. Ngoja, nakuonyesha!"

Élise alikimbilia waya, akaichomoa libaya, akamnyooshea ule mkono.

Isaïe aliugeuza nje, akaugeuza ndani, akautazama kwa makini. Kitambaa kilikuwa cheupe pe, kama siku kilipotoka dukani.

"Tache gani?" aliuliza.

Kisha akamchukua Claudine kutoka mgongoni mwa mama yake.